Kwa nini ubongo unadai usingizi: nadharia zinazoshindana na swali moja la kuzipima

Kuanzia mwaka 1983, katika Chuo Kikuu cha Chicago, Allan Rechtschaffen na wenzake waliwaweka panya wawiliwawili juu ya sahani pana iliyotandazwa juu ya maji ya kina kifupi. Kila panya alifungwa nyaya za kusoma umeme wa ubongo. Panya wa kwanza alipoanza tu kusinzia, kompyuta iliizungusha sahani polepole, ikambidi atembee asije akatumbukia. Panya wa pili alizungushwa kwa muda uleule, lakini yeye aliweza kuiba usingizi pale mwenzake alipokuwa macho. Chakula kilikuwepo tele kwa wote. Walionyimwa usingizi walikula kupita kawaida na bado wakakonda. Manyoya yakachakaa, vidonda vikatoka mkiani na kwenye nyayo, na mwishoni joto la mwili likaporomoka. Walionyimwa usingizi wote walikufa kati ya siku 11 na siku 32. Walipopasuliwa, hakikuonekana kiungo kilichoharibika kiasi cha kueleza kifo, wala jeraha la wazi katika ubongo.

Kwamba usingizi ni wa lazima, basi, hakuna ubishi. Ubishi ni juu ya kazi yake, na unachanganya watu kwa sababu maswali matatu tofauti hutupwa kwenye kapu moja. La kwanza: nini kinatusukuma tulale usiku huu? La pili: ubongo unafanya kazi gani ukishalala? La tatu: viumbe walianza kulala kwa sababu gani, mamilioni ya miaka iliyopita? Jibu la swali moja likitumika kwa lingine ndipo tunaposikia kwamba "sayansi imegundua sababu ya usingizi", kisha mwaka unaofuata imegundua nyingine.

Kuna pia swali moja ambalo ni vizuri kulibeba mkononi mbele ya kila nadharia: kwa nini kazi hiyo isifanyike mtu akiwa macho? Moyo hupumzika kati ya pigo na pigo. Ini na figo hujikarabati usiku na mchana bila kuzima fahamu ya mwenye mwili. Mnyama aliyelala hamwoni adui, hali, hazai, halindi watoto. Nadharia isiyoeleza kwa nini hasara yote hiyo ni lazima, imeeleza faida ya usingizi bila kugusa ulazima wake.

Kinachotusukuma kulala

Hapa sayansi imesimama imara zaidi. Seli za neva huendeshwa na ATP, nishati ya seli zote za mwili. Inapotumika, mojawapo ya mabaki yake ni adenosini. Mwaka 1997 kikundi cha watafiti kilichokuwa na Tarja Porkka-Heiskanen kilipima adenosini katika sehemu ya chini ya ubongo wa mbele wa paka: ilipanda kadiri paka walivyozuiwa kulala, ikashuka walipoachwa walale. Adenosini hujishikiza kwenye vipokezi na kuzipunguzia kasi seli zinazotuweka macho. Kope zinazokuwa nzito saa nne usiku zinatokana kwa sehemu kubwa na mrundikano huo.

Kafeini, ile iliyomo kwenye kahawa na chai, ina umbo linalofanana na adenosini kiasi cha kukalia vipokezi vilevile bila kuviamsha. Haiondoi adenosini hata chembe. Inaizibia mlango, na ikiisha nguvu mrundikano wote uliokuwa nje unaingia kwa mpigo. Nusu ya kafeini hubaki mwilini baada ya takriban muda wa saa tano, zaidi sana kwa mjamzito, pungufu kwa mvuta sigara. Kwa hiyo kafeini ya saa kumi jioni, nusu yake bado iko kwenye damu saa tatu usiku. Katika jaribio moja la Detroit lililochapishwa mwaka 2013, miligramu 400, sawa na vikombe vinne hivi vikubwa (si vile vidogo vya kahawa chungu ya barazani), zilizomezwa muda wa saa sita kabla ya kulala zilikata usingizi kwa zaidi ya saa nzima.

Adenosini haiko peke yake. Mwaka 1982 Alexander Borbély wa Zurich alieleza usingizi kama matokeo ya nguvu mbili: shinikizo linalopanda kadiri unavyokaa macho, na saa ya mwili inayozunguka kwa takriban muda wa saa 24 hata ukifungiwa gizani. Saa hiyo ni fungu la seli zipatazo 20,000, juu kidogo ya pale mishipa ya macho inapopishana. Nguvu hizi mbili hazitegemeani, na hilo linaeleza jambo ambalo kila aliyewahi kukesha msibani au zamu ya usiku analijua: alfajiri saa kumi unaona unakufa, lakini ikifika saa tatu asubuhi unachangamka ingawa hujalala. Deni halijapungua, limeongezeka. Saa ya mwili tu ndiyo imepanda na kulifunika. Madereva wa safari za usiku wako hatarini zaidi kati ya saa tisa na saa kumi na moja alfajiri, kwa kuwa hapo shinikizo liko juu na saa ya mwili iko chini kwa wakati mmoja.

Haya yote ni kipimo tu. Mshale wa mafuta kwenye dashibodi hukuambia tangi linaisha. Haukuambii injini inayafanyia nini mafuta.

Kupogoa viungio

Seli za neva za ubongo wa binadamu ni takriban bilioni 86, na huzungumza kupitia viungio viitwavyo sinepsi. Kujifunza jambo ni kuimarisha baadhi ya sinepsi. Mwaka 2003 Giulio Tononi na Chiara Cirelli wa Chuo Kikuu cha Wisconsin mjini Madison walitoa hoja iliyokuwa kinyume na mazoea: mchana kutwa sinepsi kwa jumla zinanenepa, na kazi ya usingizi ni kuzipunguza.

Sababu yao inaeleweka vizuri shambani. Mkahawa usiopogolewa hujaa majani na kuzaa buni chache. Sinepsi nene inakula nishati, inataka nafasi na protini, na ikishafika ukomo haiwezi kujifunza kitu kipya. Zaidi ya hapo, kila sauti ikipandishwa, hakuna inayosikika. Ukipunguza zote kwa uwiano, zile dhaifu zilizobeba vitu vya kupita zinafifia, na zile zilizobeba mambo ya maana zinabaki zikijitokeza.

Ushahidi wake mzito ulitoka mwaka 2017. Watafiti wa Wisconsin walikata vipande vyembamba mno vya gamba la ubongo wa panya wadogo, wakavipiga picha kwa darubini ya elektroni, na kupima sinepsi 6,920. Kazi hiyo ilichukua takriban miaka minne, na wapimaji hawakujua kipande kipi ni cha panya aliyelala. Eneo la mgusano wa sinepsi lilikuwa dogo kwa takriban asilimia 18 kwa waliolala kuliko kwa waliokuwa macho. Kinachopendeza zaidi ni hiki: asilimia kama 20 ya sinepsi, zile kubwa kuliko zote, hazikupungua. Mwaka huohuo kundi la Richard Huganir, Johns Hopkins, lilionyesha kwa njia tofauti kabisa kwamba panya anapolala sinepsi zake hupoteza sehemu ya vipokezi vya aina ya AMPA, vinavyobeba sauti ya mazungumzo hayo.

Nadharia hii inalijibu swali letu vizuri. Ukipogoa huku mnyama yuko macho, utapunguza huku matukio ya sasa yakiendelea kuimarisha, na ubongo utaegemea saa moja iliyopita badala ya maisha yote. Ni lazima mlango ufungwe kwanza ndipo hesabu ifanyike.

Lakini haijamaliza ubishi. Mwaka 2014 maabara ya Wen-Biao Gan, New York, iliwafundisha panya kazi mpya ya mwendo, kisha ikaona kwamba usingizi uliofuata uliotesha vichipukizi vipya kwenye matawi ya seli zilizohusika. Kwa hiyo usingizi hupogoa na pia huotesha. Ipi ni kanuni na ipi ni tofauti, hapo ndipo wanasayansi hawajapatana.

Kuhamisha kumbukumbu

Nadharia hii ni kongwe zaidi katika maabara. Mwaka 1924 John Jenkins na Karl Dallenbach wa Cornell waliwafundisha wanafunzi wawili silabi zisizo na maana, wakaona waliolala baada ya kukariri walisahau kidogo kuliko walipokaa macho muda uleule. Kwa miongo kadhaa ilisemwa kwamba usingizi unazuia tu vurugu za mchana zisifute kumbukumbu. Kisha mwaka 1994 Matthew Wilson na Bruce McNaughton wakaripoti kwamba seli za hipokampasi, sehemu ya ubongo inayonakili kumbukumbu mpya, zilizokuwa zikiwaka pamoja panya alipopita sehemu fulani ziliwaka pamoja tena alipolala. Tafiti zilizofuata zilionyesha kwamba safari nzima hurudiwa kwa mpangilio wake, kwa kasi kubwa zaidi. Ubongo unacheza tena siku iliyopita.

Mchakato wenyewe una sehemu tatu zinazopandana. Gamba la ubongo hutoa mawimbi ya polepole, chini ya moja kwa sekunde. Juu ya wimbi hupanda mtetemo mfupi wa mizunguko 11 hadi 16 kwa sekunde kutoka thalamasi, kituo cha katikati ya ubongo kinachopitisha taarifa kwenda kwenye gamba. Ndani ya mtetemo huo, hipokampasi hurusha viwimbi vya kasi sana, na humo ndimo marudio hubebwa. Mwaka 2009 kundi la Paris lilivikata viwimbi hivyo kwa umeme kila vilipotokea panya wakiwa wamepumzika baada ya mafunzo; panya wakachelewa kujifunza njia. Kwa binadamu, Björn Rasch, Jan Born na wenzao mwaka 2007 walitumia harufu ya waridi. Watu walikariri mahali kadi zilipo huku wakinusa waridi, kisha wakapuliziwa harufu hiyohiyo usiku. Ilipopulizwa katika usingizi mzito walikumbuka asilimia 97, bila harufu asilimia 86. Ilipopulizwa katika usingizi wa ndoto haikusaidia.

Jambo hilo la mwisho lina matumizi ya moja kwa moja. Usiku mmoja una mizunguko minne hadi sita ya takriban dakika 90, na usingizi mzito hujaa theluthi ya kwanza ya usiku, ndoto huongezeka kuelekea asubuhi. Mwanafunzi anayekesha kabla ya mtihani anapoteza vyote viwili: marudio ya alichosoma, na nafasi ya kupokea kipya, kwa sababu hipokampasi iliyochoka hunakili vibaya.

Udhaifu wa nadharia upo upande wa ndoto. Usingizi ambao macho hucheza chini ya kope ulielezwa na Eugene Aserinsky na Nathaniel Kleitman mwaka 1953, na wengi waliudhani ndio ghala la kumbukumbu. Lakini baadhi ya dawa za zamani za sonona huuzima karibu kabisa kwa miezi, na wagonjwa hawapotezi kumbukumbu zao. Tena, hipokampasi hurudia njia hata panya akiwa macho ametulia. Kumbukumbu inafaidika na usingizi. Kusema usingizi uliumbwa kwa ajili ya kumbukumbu ni hatua nyingine.

Kuosha

Hakuna nadharia iliyoenea mitaani kama hii, na ndiyo inayohitaji uangalifu zaidi.

Ubongo umezungukwa na maji ya uti wa mgongo, takriban mililita 150 kwa mtu mzima. Kila siku hutengenezwa kama mililita 500, yaani hubadilishwa zaidi ya mara tatu. Mwaka 2012 kundi la Maiken Nedergaard, Rochester, lilieleza kwamba maji haya huingia ndani ya ubongo kupitia njia zinazozunguka mishipa ya ateri, yakisaidiwa na vijitundu vya maji kwenye astrosaiti, seli zinazozihudumia seli za neva, yakichukua taka za protini na kutoka nazo kando ya vena. Waliuita mfumo wa glimfatiki. Mwaka 2013 wakaongeza kwamba panya wakilala, nafasi kati ya seli hupanuka kutoka asilimia 14 ya ujazo wa ubongo hadi asilimia 23, na amiloidi-beta, protini inayorundikana katika ugonjwa wa Alzheimer, huondolewa mara mbili haraka.

Swali letu linapata jibu safi hapa pia. Mtu akiwa macho, noradrenalini, kemikali ya kuuchangamsha ubongo, huwa juu na kuibana nafasi hiyo. Ikishuka usingizini, nafasi hufunguka. Kufikiri na kuosha vinagombania chumba kimoja.

Kwa binadamu kuna dalili zinazoelekea huko. Mwaka 2019 Laura Lewis na wenzake, Boston, walionyesha kwa mashine ya MRI kwamba katika usingizi usio wa ndoto mawimbi makubwa ya maji ya uti wa mgongo huingia kwenye ubongo kila baada ya sekunde 20 hivi, yakifuata kupungua kwa damu. Mwaka 2018 utafiti wa watu 20 ulipima ongezeko la takriban asilimia 5 la amiloidi-beta katika maeneo kama hipokampasi na thalamasi baada ya usiku mmoja tu wa kukesha.

Kisha mwaka 2024 kundi la Nick Franks, Imperial College London, likapinga. Lilidunga rangi moja kwa moja ndani ya ubongo wa panya na kufuatilia inavyoondoka. Kwa waliolala uondoaji ulipungua kwa takriban asilimia 30, na kwa waliopewa dawa ya usingizi ya upasuaji asilimia 50. Wa Rochester walijibu kwamba sindano ndani ya ubongo inaujeruhi na kuuvuruga mfumo uleule unaopimwa. Mvutano ni wa vipimo: rangi kuonekana kidogo mahali fulani kunaweza kumaanisha imetolewa upesi, au kwamba haikufika kamwe. Anayekuuzia dawa au mto wa "kuosha ubongo" anauza kitu ambacho maabara zenyewe bado zinabishania.

Ukarabati ndani ya seli

Kundi la Lior Appelbaum, Chuo Kikuu cha Bar-Ilan, lilitazama seli za neva za samaki wadogo wanaopitisha mwanga. Mchana nyuzi za DNA hukatika kadiri seli zinavyofanya kazi; samaki akilala, kromosomu husogea takriban mara mbili zaidi, na mikatiko hurekebishwa. Mwaka 2021 walionyesha kwamba protini iitwayo PARP1, inayotambua mikatiko hiyo, ndiyo pia inayomsukuma samaki alale.

Huko Oxford, Gero Miesenböck na wenzake wamefuata njia ya karibu na hiyo kwa nzi wa matunda. Mitokondria, vinu vya nishati ndani ya seli, za seli chache maalumu za ubongo wake huvujisha elektroni nzi anapokuwa macho na seli hizo hazitumii nishati inayozalishwa. Uvujaji ukizidi, seli hizo huwaka na nzi hulala. Naona hapa ndipo panapoahidi zaidi, kwa sababu kipimo na hitaji vinakutana: kinachochoma ndicho kinachohesabiwa.

Wanaosema hadithi haikuanzia kichwani

Yavuyavu aina ya Cassiopea hana ubongo kabisa, ana wavu wa neva tu. Mwaka 2017 ilithibitishwa kwamba usiku hupunguza mapigo yake, huchelewa kuitika akiguswa, na akisumbuliwa usiku hulipa deni kesho yake. Usingizi, basi, ulikuwepo kabla ya ubongo, na kila nadharia tuliyoitaja hapo juu inaweza kuwa kazi iliyoongezwa baadaye kwa kuwa chumba kilikuwa tayari tupu. Mwaka 2020 maabara ya Dragana Rogulja, Harvard, ilikuta kwamba nzi walionyimwa usingizi walirundika kemikali haribifu za oksijeni tumboni, si kichwani. Walipopewa vioksidishaji-pinzani, yaani vitu vya kuzizima kemikali hizo, waliishi karibu umri wa kawaida huku wakiendelea kukosa usingizi. Panya wa Chicago wanarudi akilini.

Jerome Siegel wa Los Angeles yeye anakwenda mbali zaidi: usingizi ni njia ya mnyama kutulia salama saa ambazo kuhangaika hakuna faida. Tembo wawili majike waliofungwa vipimo nchini Botswana walilala wastani wa saa mbili tu kwa siku, na kuna nyakati walikaa saa 46 bila kulala, ilhali wana ubongo mkubwa kuliko wetu karibu mara tatu. Kama usingizi ungekuwa ufagio wa ubongo pekee, tembo angelala kuliko wote. Siegel alishiriki pia kupima usingizi wa Wahadzabe wa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia. Bila umeme, walilala wastani wa saa 5.7 hadi 7.1. Na karibu na Ziwa Eyasi, David Samson na wenzake walipowapima Wahadzabe wazima 33 kwa siku 20, dakika ambazo wote walikuwa usingizini kwa pamoja zilikuwa 18 tu. Daima alikuwepo aliye macho, hasa kwa sababu wazee na vijana hulala kwa ratiba tofauti.

Hoja ya Siegel inaeleza vizuri kiasi cha usingizi. Haielezi deni. Kama kulala ni kutulia tu, kukesha kusingekuwa na malipo kesho yake, na pomboo asingehangaika kulaza nusu moja ya ubongo huku nyingine ikiogelea.

Deni linavyolipwa

Mwaka 2003 Hans Van Dongen na wenzake, Pennsylvania, walipunguzia watu usingizi kwa siku 14. Waliolala saa sita kila usiku waliishia kufanya makosa ya umakini kama mtu aliyekesha kati ya usiku mmoja na miwili mfululizo. Hatari ilikuwa kwamba wao wenyewe walijiona wamechoka kidogo tu. Hisia ya usingizi ilisimama baada ya siku chache, makosa yakaendelea kupanda. Kwa panya, mwaka 2011, Vladyslav Vyazovskiy alionyesha kinachotokea: macho yako wazi, mnyama anatembea, lakini visehemu vya gamba vinazimika kwa sehemu ya sekunde, na akinyosha mkono kuchukua chakula wakati huo anakosea.

Ubongo ukipata nafasi haulipi saa kwa saa. Randy Gardner, kijana wa San Diego aliyekaa macho saa 264 kuvuka mwaka 1963 kuingia 1964, alilala kama saa 14 usiku wa kwanza, na baada ya siku chache alirudi kwenye ratiba yake. Usingizi mwepesi aliokosa karibu wote haukulipwa. Uliolipwa ni ule mzito kwanza, kisha wa ndoto.